Nani Anairusha Ndege? Barua ya Wazi kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda

Wandegeya, Kampala

Kwa Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda, Entebbe; na kwa wakuu wa CASSOA, wakala wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unaosimamia usalama wa anga, ambao makao yake nayo yako Entebbe.

Waheshimiwa,

Natanguliza ombi, sababu zitafuata. Wekeni kanuni itakayoyalazimu mashirika yanayorusha jeti za masafa mafupi kuwapa marubani wao nafasi ya kuishika ndege kwa mikono katika safari za kweli, mara kwa mara, hali ya hewa inaporuhusu. Na muda huo uhesabiwe, kama inavyohesabiwa leo idadi ya kuruka na kutua. Nimeiandika barua hii hadharani badala ya kuileta ofisini kwa bahasha, kwa sababu inawahusu wengi: marubani wenyewe, mameneja wao, na kila anayekata tiketi ya Juba, Nairobi au Bujumbura bila kujua nani hasa anairusha ndege ikishaingia mawinguni.

Nilikuwa mwalimu wa urubani. Nimestaafu na naishi Wandegeya, chini ya kilima cha Makerere, mahali ambapo niliowafundisha hunipata kwa urahisi wanapopita mjini. Baadhi yao sasa ni marubani wasaidizi katika jeti zinazozunguka eneo letu. Jioni moja nilikaa na mmoja wao karibu na wauza chapati za rolex, nikamwuliza: siku hizi unairusha kwa mikono muda gani? Alifikiri kwanza. "Mzee," akasema, "naiondoa ardhini kwa mikono. Tukifika futi mia kadhaa kapteni anasema washa otopailoti, nawasha. Naizima tena njia ya kurukia ikiwa imeshaonekana mbele yangu. Hapo katikati mimi ni wa kubonyeza na kutazama."

Nikamwuliza kama siku ambayo anga ni safi hawezi kuomba aendelee nayo kidogo. Akasema kitabu cha mwongozo cha shirika lake kinataka mitambo itumike kwa kiwango cha juu kabisa wakati wote, na kwamba kila safari inarekodiwa. Mkono ukiyumba, mwendo ukizidi kidogo, unaitwa ujieleze. "Sasa nijitafutie matatizo ya nini?"

Huyu si mvivu. Namjua alivyokuwa akiituliza Cessna kwenye upepo wa ubavuni, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa wengi. Kinachoniuma ni kwamba mkono ule unaingia kutu polepole, na unaingia kutu kwa sababu mwenyewe anatii maagizo.

Siipingi mitambo. Otopailoti haichoki wala haisinzii, haina njaa, haina mgonjwa nyumbani. Inashika mwinuko vizuri kuliko binadamu yeyote, na inamwachia rubani kichwa cha kutazama rada ya mvua, kuzungumza na waongozaji ndege na kupanga namna ya kulizunguka wingu baya. Juu ya futi 29,000, ambako ndege hupishana kwa futi 1,000 tu kwenda juu au chini, kanuni za dunia zinataka ndege iwe na mtambo wa kushika mwinuko, na zinastahili kutaka hivyo. Simwombi mtu yeyote airushe jeti kwa mikono kutoka Entebbe mpaka Johannesburg. Safari za anga zimekuwa salama zaidi ya zilivyokuwa nilipoanza kazi, na mashine zimechangia sana.

Hofu yangu iko mahali pembamba zaidi: pale ambapo rubani anadhani mashine ndiyo inayoirusha ndege, na mashine haijaambiwa lolote.

Shirika letu la Uganda Airlines, lililofungwa 2001 na kufufuliwa, lilipokea CRJ900 zake mbili za kwanza Entebbe tarehe 23 Aprili 2019, na safari ya kwanza ya abiria ikaenda Nairobi tarehe 28 Agosti mwaka huo. Jeti hizo ni nne sasa. Ni ndege nzuri, na nasema hivyo kwa dhati. Lakini familia ya CRJ ina tabia moja ambayo abiria haioni: kwa kawaida haina mtambo wa kurekebisha nguvu za injini wenyewe. Otopailoti yake huinua pua na kuishusha, hugeuza ndege, hufuata njia iliyopangwa. Nguvu za injini zinabaki mkononi mwa rubani. Nusu ya kazi anayo mashine, nusu anayo mtu. Mpango wa namna hiyo humfaa rubani aliye macho. Aliyezoea kutazama tu, au aliyetoka katika ndege kubwa inayojirekebishia mwendo, anaweza kuisahau nusu yake.

Yalishatokea Marekani, usiku wa tarehe 14 Oktoba 2004. Marubani wawili wa Pinnacle Airlines walikuwa wakiihamisha CRJ200 tupu kutoka Little Rock kwenda Minneapolis. Waliamua kuipandisha mpaka futi 41,000, mwinuko wa juu kabisa ulioruhusiwa kwa ndege hiyo. Otopailoti iliagizwa ipande kwa kasi maalumu, nayo ikatii. Hewa ya juu ni nyembamba, injini zikawa hazina nguvu za kutosha, na ili kuitimiza amri otopailoti ikazidi kuinua pua huku mwendo ukipungua. Haikukosea. Ilifanya ilichoambiwa mpaka mabawa yakashindwa kuibeba ndege. Injini zote mbili zikazimika, hazikuwaka tena, na ndege ikaanguka Jefferson City pamoja na vijana wale wawili. Ningependa kila rubani wa CRJ katika eneo letu aijue habari hiyo kama anavyolijua jina lake.

Lakini ajali inayoninyima usingizi ni ya kwetu.

Tarehe 5 Mei 2007, muda mfupi baada ya saa sita za usiku, ndege ya Kenya Airways namba 507 iliondoka Douala, Kamerun, kuelekea Nairobi. Ilikuwa Boeing 737-800 ambayo haijatimiza hata mwaka mmoja kazini. Mvua na radi zilikuwa jirani, na mbele ya njia ya kurukia kulikuwa na giza la misitu na vinamasi. Chini ya dakika moja tangu kuacha ardhi, kapteni alitoa amri ya kuwasha otopailoti. Haikuwaka. Rubani msaidizi hakuthibitisha, na kapteni mwenyewe hakusoma kwenye kioo chake kama imewaka. Kuanzia hapo, kwa muda wa karibu dakika nzima, ndege iliyobeba watu 114 haikuwa na mtu wala mashine ya kuiongoza.

Ndege ile ilikuwa na kawaida ya kuvutika kidogo kulia. Ikaanza kuinamia kulia polepole sana. Sikio la ndani, ambalo ndilo linalomwambia mtu kama amekaa wima au ameinama, halihisi mgeuko wa polepole namna hiyo, na nje hapakuwa na taa wala upeo wa macho wa kumrekebisha. Kengele ya onyo ililia mwinamo ulipofika digrii 34. Kapteni akashtuka, akazungusha usukani huku na huko asijue juu ni wapi na chini ni wapi. Katikati ya mkanganyiko huo otopailoti ikawashwa kwelikweli, ila ikiwa imechelewa. Ndege ikajipindua na kuzama katika kinamasi cha Mbanga Pongo, chini ya kilomita 6 kutoka mwisho wa njia iliyorukia. Hakupona mtu. Wachunguzi wa Kamerun walitoa ripoti yao 2010: rubani kupoteza dira ya mwili baada ya mgeuko mrefu wa polepole usiotazamwa kwenye vipimo, ushirikiano hafifu kati ya marubani, na mkanganyiko katika matumizi ya otopailoti.

Baadhi ya waliokufa katika ajali ile walikuwa jirani zetu. Nairobi ni saa moja tu kutoka hapa kwa jeti.

Sasa watazameni marubani wanaoondoka Entebbe usiku kwa njia ya kurukia namba 17. Magurudumu yakishaacha lami, mbele yao ni Ziwa Viktoria. Hakuna mji, hakuna barabara, hakuna upeo. Usiku usio na mwezi wavuvi wa mukene, yaani dagaa, wako kazini na taa zao juu ya maji, na kwa mtu aliye angani taa zile na nyota hufanana mno. Ndege ikiinama kidogo, taa za wavuvi hujipanga upande mmoja kana kwamba ndizo mbingu. Nimeketi na wanafunzi katika giza lile, na hata mimi niliyeizoea njia ile nililazimika kuyatoa macho dirishani na kuyarudisha kwenye vipimo. Ukiongeza radi za ziwani, ambazo sehemu za Entebbe huzipata kwa wingi kuliko sehemu nyingi za dunia, unaipata Douala yenyewe, kila usiku, mlangoni mwa ofisi yenu.

Katika hali hiyo rubani anaokolewa na mambo mawili, na yote mawili huja kwa mazoezi. La kwanza ni jicho lililozoea kuzunguka kwenye vipimo bila kuamrishwa: upeo, mwendo, mwinuko, mwelekeo, kisha upeo tena. Jicho la namna hiyo hupatikana kwa kuirusha ndege kwa mikono, kwa sababu anayeirusha asipotazama ataona matokeo yake papo hapo, na anayeitazama mashine anaweza kusinzia kwa macho yaliyo wazi. La pili ni mkono unaojua uzito wa ndege, ambao usukani ukiurudia ghafla katikati ya kelele na taa nyekundu unafanya kitu kidogo na sahihi. Mkono uliokaa miezi bila kazi hufanya kitu kikubwa.

Jambo lingine la Douala linahitaji kusemwa kwa upole. Kapteni alikuwa mtu mzima mwenye uzoefu mwingi, na rubani msaidizi alikuwa kijana wa miaka 23. Katika nyumba zetu, iwe Buganda, Ukambani au Unguja, kijana hamkatizi mzee. Ni adabu njema, na sitaki ipotee mezani wala msibani. Ndani ya chumba cha marubani adabu hiyo inaua. Rubani msaidizi anapaswa kuweza kusema, bila kuomba radhi, "Kapteni, otopailoti haijawaka," na kapteni anapaswa kumshukuru. Kijana aliyezoea kuishika ndege mwenyewe, anayejua kwamba mkono wake unaaminika, husema haraka zaidi kuliko yule anayejiona msaidizi wa kubonyeza vitufe. Hilo nimeliona kwa wanafunzi wangu mwenyewe: sauti ya mtu hukua pamoja na mkono wake.

Mtaniuliza, je, zamani tulipoishika kwa mikono hatukuanguka? Tulianguka. Waganda wa umri wangu hawajaisahau tarehe 17 Oktoba 1988, Boeing 707 ya Uganda Airlines ya zamani ilipokuwa ikitoka London kurudi nyumbani kupitia Roma. Ukungu ulikuwa umeufunika uwanja wa Fiumicino. Marubani walijaribu kutua wakashindwa, wakajaribu tena wakashindwa, na katika jaribio la tatu wakashuka chini ya kiwango kinachoruhusiwa bila kuiona njia. Watu 33 kati ya 52 walikufa. Mikono ilikuwa na ujuzi, lakini marubani hawakupangana vizuri nani anatazama nini na nani anatamka nini. Ndiyo maana siombi mikono peke yake. Naomba pasiwe na dakika ambayo swali la nani anairusha ndege linakosa jibu.

Na ile ATR ya Precision Air iliyoanguka ziwani karibu kabisa na Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, katika hali mbaya ya hewa, ikaondoka na watu 19 kati ya 43, siitaji kama ushahidi wa hoja yangu; ina sababu zake. Naitaja kwa kuwa ni ziwa hilohilo, na kwa kuwa waliofika kwanza kuokoa walikuwa wavuvi.

Ulimwengu mwingine umeshajifunza kwa gharama kubwa. Air France 447, tarehe 1 Juni 2009: barafu iliziba mirija ya kupimia mwendo juu ya Atlantiki, otopailoti ikajizima, na ndege iliyokuwa nzima ikarudishwa mikononi mwa marubani ambao katika mwinuko ule walikuwa hawajazoea kuishika, na watu 228 wakafa. Asiana 214, tarehe 6 Julai 2013, San Francisco: mchana mweupe, anga safi, ila mitambo ya redio ya kuongozea mteremko ilikuwa imezimwa kwa ajili ya ujenzi uwanjani. Marubani walidhani mtambo wa nguvu za injini unalinda mwendo, kumbe haulindi. Jeti kubwa yenye watu 307 ikagonga ukingo wa bahari, na watatu wakafa. Mchana mweupe, waheshimiwa! Kutua kwa macho siku ya jua ni somo la mwanafunzi wa chuo chetu cha urubani cha Soroti kabla hajaruhusiwa kuruka peke yake.

Karibu nasi zaidi, tarehe 15 Agosti 2022 Boeing 737 ya Ethiopian Airlines kutoka Khartoum ilipita juu ya Addis Ababa ikiwa futi 37,000 bila kushuka, na taarifa zilizotoka zilieleza kwamba marubani walikuwa wamelala mpaka kengele ya otopailoti kujizima ilipowaamsha. Walitua salama. Uchovu ni mada ya barua nyingine, lakini mtu huisogelea ndoto kwa urahisi zaidi akiwa hana cha kufanya.

Pale kwenye makutano yetu ya Wandegeya kuna taa za barabarani, na karibu nazo husimama askari wa trafiki. Watu hulalamika: taa zipo, askari wa nini? Lakini mvua kubwa ikinyesha, umeme ukakatika, na matatu, bodaboda na gari la wagonjwa linalokimbilia hospitali ya Mulago vikakutana katikati, anayeokoa hali ni yule askari ambaye amesimama pale jana na juzi na anajua upande upi hufurika kwanza. Ukimtoa kituo cha polisi askari ambaye hajawahi kusimama makutanoni, ukampa filimbi siku hiyo tu, atazidisha msongamano. Kanuni zenu za sasa zinamweka rubani katika nafasi ya askari huyu wa pili: anaitwa siku taa zikizimika.

Nasema hivyo kwa sababu kanuni za kimataifa tunazozifuata humtaka rubani awe ameruka na kutua mara tatu katika siku 90, na apimwe mara mbili kwa mwaka. Zote ni nzuri. Lakini mara tatu hizo zinaweza kutimizwa kwa dakika chache za mikono, mashine ikiwa imefanya kila kitu mpaka karibu na lami. Na kipimo cha simuleta, ambacho hugharimu fedha nyingi, hujazwa injini kuzimika na moto, mpaka muda wa kuirusha tu ndege isiyo na hitilafu, bila mistari elekezi ambayo kompyuta huichora kwenye kioo, unakuwa mdogo au haupo kabisa. Marekani ilitoa tahadhari rasmi kwa mashirika Januari 2013, ikiyahimiza yawape marubani nafasi ya kurusha kwa mikono. Ulaya ikafanya vivyo hivyo mwaka huohuo. ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ikafuata kwa mafunzo ya kuiokoa ndege iliyopoteza mkao. Hatuhitaji kubuni kitu kipya. Tunahitaji kulifanya himizo liwe sharti, kwa sababu himizo lisilo na sharti huishia kwenye rafu ya meneja.

Sharti hilo lianzie kwenye kitabu cha mwongozo cha kila shirika. Kiandikwe wazi kwamba rubani anaruhusiwa, na anatarajiwa, kuendelea kwa mikono mpaka futi 10,000 au zaidi wakati wa kupanda, na kuizima otopailoti mapema wakati wa kushuka, pale ambapo ni mchana, anga ni tulivu, msongamano wa ndege ni mdogo, na wote wawili hawajachoka. Wakubaliane kabla ya kuruka, sio katikati ya safari. Asubuhi ya kawaida ya kuingia Kilimanjaro au Mombasa inafaa sana. Usiku wa radi kuelekea Kinshasa haufai, na rubani anayejionyesha usiku huo aadhibiwe. Mara mojamoja azime pia ile mistari elekezi, aifuate njia kwa vipimo vitupu. Hapo ndipo jicho linapofunzwa.

Kuhusu hofu ya kijana wangu ya kuitwa ajieleze, chombo mnacho tayari. ICAO inalitaka kila shirika lenye ndege zinazozidi kilo 27,000 za uzito wa kurukia kuwa na mpango wa kuchambua takwimu za safari, na CRJ900 imekipita kiwango hicho kwa mbali. Kanuni hiyohiyo inasema mpango huo usiwe wa kuadhibu. Basi simamieni neno hilo. Rubani aliyezidisha mwendo kidogo akiwa anajizoeza, kwa ruhusa, asiitwe mbele ya meza. Na takwimu hizohizo zitumike kujua kila rubani ameishika ndege kwa mikono muda gani katika miezi mitatu. Leo tunaweza kumwambia abiria ndege yake imetumia mafuta kiasi gani. Hatuwezi kumwambia rubani wake aliishika mara ya mwisho lini.

Kila rubani wa eneo letu apelekwe pia simuletani kwenye usiku wa Douala. Aondoke njia ya 17 Entebbe gizani, aamrishe otopailoti, na mwalimu aizuie isiwake bila kumwambia. Tuone itachukua sekunde ngapi kabla mmoja wao hajasema. Zoezi hilo halihitaji mtambo wowote mpya wala nusu saa nzima, na linafundisha desturi ambayo ningetaka iwe sheria: mtambo ukiwashwa, anayeuwasha aisome hali yake kwa sauti kutoka kwenye kioo, si kutoka kwenye kitufe alichobonyeza, na mwenzake ajibu kwamba ameiona. Kitufe husema nimeomba. Kioo ndicho kinachosema nimekubaliwa.

Na Soroti mnayo. Chuo kile kilianzishwa 1971 ili kiwafunze vijana wa Afrika Mashariki nzima, na wengi wetu tuna deni nacho. Kwa nini rubani wa jeti asirudi pale siku chache kila mwaka, akapanda ndege ndogo isiyo na otopailoti, akazunguka uwanja wa Teso kwa mikono na miguu yake? Najua jibu la mameneja: ndege ndogo haifanani na jeti. Ni kweli haifanani, na sisemi ichukue nafasi ya simuleta. Lakini jicho la kuzunguka kwenye vipimo ni lilelile, hisia ya nguvu na pua ni ileile, na saa moja ya Cessna ni bei ndogo ukiilinganisha na saa moja ya simuleta ya jeti pamoja na tiketi na hoteli za ng'ambo. Chuo nacho kingepata wateja.

Kwa CASSOA nina neno la pekee. Rubani wa Entebbe hutua Nairobi, wa Nairobi hutua Dar es Salaam, wa Kigali hutua hapa. Kanuni ikiwa ya Uganda peke yake, shirika litakalowapa marubani wake muda wa mikono litajiona linabeba gharama ambazo mwenzake hazibebi. Ninyi mliundwa kwa ajili ya jambo kama hili. Liwekeni kwenye meza ya nchi zote wanachama kwa lugha moja na tarehe moja.

Mashirika yatalalamika. Yatasema abiria wanapenda safari laini, mafuta yatapotea, na wasimamizi watajaa kazi. Niliyasikia hayo nilipokuwa kazini. Dakika 10 za mikono katika kupanda kwa utulivu hazimwagi chai ya mtu, na rubani mwenye mkono mzuri husafiri kwa ulaini uleule. Kama hana mkono mzuri, ni afadhali tulijue hilo asubuhi ya jua juu ya Jinja kuliko usiku juu ya ziwa.

Niko tayari kufika Entebbe wakati wowote mtakaponiita, na nitawaomba wanafunzi wangu wa zamani walio tayari kuzungumza waje nami, kwa sharti kwamba majina yao hayatafika kwa waajiri wao. Naomba jibu lenu pia litolewe hadharani, likisema mtaanza na lipi kati ya haya, na lini.

Wenu katika kazi,
Mwalimu mstaafu wa urubani,
Wandegeya